Barua kutoka Hanoi: Foleni ya Kulipia

Mjomba,

Swali lako limenifikia. Nchi ya Ho Chi Minh, chama kimoja, bendera za nyundo na mundu kila mtaa, iweje jengo la Tràng Tiền, lililokuwa duka kuu la serikali, leo liuze mikoba ya Kifaransa ya bei ya kutisha? Si waachane na ubepari huo? Wewe uliyeliimba Azimio la Arusha una haki ya kuuliza. Wazee wa hapa, hata hivyo, watakucheka.

Siku hizi kuna migahawa inayouza enzi za kuponi. Ukutani wametundika kadi za mgao, sahani ni za bati, unaletewa wali uliochanganywa na mihogo, na bili haina huruma. Vijana wanajipiga picha. Waliosimama foleni yenyewe, wakiacha tofali liwashikie nafasi, huwaoni humo. Wewe na shangazi, mliotafuta sukari na sabuni mwaka 1983, hamhitaji kuelezwa kwa nini.

Mwaka 1986 mfumuko wa bei hapa ulipita asilimia 700, na Chama chenyewe kikapitisha Doi Moi, mageuzi ya kuruhusu soko. Mwaka 1988 mashamba ya ushirika yakagawiwa kaya zilime zenyewe. Mwaka uliofuata, nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Mkulima ni yuleyule na bonde ni lilelile. Safari hii gunia lilikwenda kwake. Kwa hiyo soko wasiliache, na mikoba wacha wanunue wenye uwezo.

Kinachonisumbua mimi ni ardhi. Katiba inasema ni mali ya wananchi wote na dola ndiyo msimamizi, karibu sawa na kwetu ambako Rais ni mdhamini. Zamani dola ilitwaa shamba kwa ajili ya ushirika. Sasa inalitwaa kwa ajili ya mradi, na mwenye mradi anaweza kuwa dola hiyohiyo. Kijiji cha Đồng Tâm, nje kidogo ya Hanoi, kiligombea mashamba ambayo serikali ilisema ni ya jeshi, na sehemu yake ilikabidhiwa Viettel, kampuni ya jeshi. Januari 2020 polisi walivamia usiku. Walikufa polisi watatu na mzee wa miaka 84, Lê Đình Kình, mwanachama wa Chama wa siku nyingi. Baadaye mahakama ikawahukumu kifo wanawe wawili.

Viettel unaifahamu, Mjomba. Ndiyo mama wa Halotel, laini iliyomo kwenye simu yako. Usiitupe lakini, huko kijijini ndiyo pekee inayoshika, na picha za mgahawa nazituma leo jioni. Shangazi azione kabla hujazifuta.

Wako,
Mpwao