Birika la Marekani na Kikombe Nilichokiacha

Hapa Subukia asubuhi ya leo ukungu ulikuwa umefunika bonde lote hata barabara ya Nyahururu haikuonekana. Ukiamka kwa baridi ya namna hiyo, kitu cha kwanza baada ya maombi ni chai. Leo nataka kuzungumza juu ya chai. Mnivumilie, mwisho kuna jambo ninalodaiwa.

Juzi dada mmoja wa kanisa letu, anayeishi Marekani miaka mingi, alikuja likizo akatuletea zawadi ya birika la umeme. Zuri ajabu, la kioo, lenye taa ya buluu. Mama mchungaji akalitia maji, akachomeka kwa ile adapta aliyopewa nalo, akawasha. Sikuwa nimemaliza kushukuru kwa ajili ya zawadi, nikasikia mlio, kisha harufu ya waya ulioungua, na fyuzi ikakatika. Fundi wa stima alikuja akacheka. Akanieleza kwamba stima ya kule ni volti 120 na yetu ni 240, kwa hiyo birika la kule likiwekwa huku linavuta nguvu karibu mara nne ya zile lilizotengenezewa. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu. Haigusi stima inayopita ndani.

Najua kuna mhubiri anayesoma hapa na tayari ameona somo la Jumapili. Lichukue ndugu yangu, nakupa bure. Mimi niliona jambo lingine, kwa sababu mama yangu alikuwa ameketi pale jikoni, akasema, "Si niliwaambia chai haipikwi na birika?" Na mke wangu akajibu kwa upole, "Kwetu inapikwa, mama."

Hayo ni mazungumzo ya miaka mingi nyumbani kwetu. Mke wangu ni wa Kilifi, tulikutana chuo cha Biblia. Mara ya kwanza kuja kwetu kama mchumba, aliamka mapema apike chai ya kumfurahisha mama. Akaponda tangawizi, akatia iliki na mdalasini, akachemsha na majani mpaka harufu ikafika zizini. Chai ya rangi, safi kabisa. Mama akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akauliza, "Kwani ng'ombe alikufa?"

Mtu wa Pwani aelewe hapo. Huku kwetu ukimpa mgeni chai bila maziwa umemwambia kitu. Umemwambia huna, ama unacho lakini si chake. Sisi Wakikuyu tunatia maji na maziwa pamoja kwenye sufuria, majani na sukari humo humo, ipande ishuke, ipande ishuke, halafu chujio, halafu thamosi. Majirani zetu Wakalenjin wanaona hata hiyo yetu ni maji tu. Kwao maziwa ndiyo chai yenyewe, maji yanaongezwa kidogo kwa heshima. Na kwa hekima yangu ya ujana niliwahi kufikiri kwamba mwalimu wetu mmoja Mwingereza pale chuoni alikuwa mchoyo. Alichemsha maji kwenye birika, akamwagia majani kikombeni, kisha akadondosha maziwa kama mtu anayetia dawa ya macho. Kumbe alikuwa ananipa chai nzuri kuliko zote alizozijua. Na Waingereza ndio walioleta mche wa chai Limuru mwaka 1903! Sisi tukachukua majani yao, tukayapika kwa namna inayofanana zaidi na ya Wahindi, na jina lenyewe "chai" tunalitumia pamoja na Wahindi. Hakuna mwenye haki ya kujivuna hapa.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Mwanzoni mwa 2008 mnakumbuka nchi ilivyokuwa, na Nakuru hii yetu ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia mwaka mmoja tu, msaidizi wa mchungaji, kijana mwenye moto mwingi na akili kidogo. Tarehe 28 Februari viongozi walitia sahihi mkataba pale Nairobi, na mwezi wa Machi mchungaji wangu mzee akasema tuanze kutembelea nyumba za majirani, zao na zetu, tuombe nao. Tukaenda upande wa Solai, kwa gogo mmoja Mkalenjin aliyekuwa mjane. Akatukaribisha, akatupikia chai, nzito, nyeupe, tamu. Mchungaji wangu akanywa. Mimi nikashika kikombe, nikakipuliza, nikakiweka chini. Nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga.

Kulikuwa na maneno yakizunguka wakati ule kwamba usile kwao, usinywe kwao, na bila shaka kwao yalizunguka maneno hayo hayo juu yetu. Lakini mimi sikuwa na uvumi tu. Nilikuwa na andiko, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimehubiri Waamuzi sura ya 4, habari za Sisera aliyekimbilia hema la Yaeli akaomba maji akapewa maziwa, akafunikwa, akalala, na hakuamka. Nilihubiri kwa sauti kubwa. Nilisema kuna maziwa ya mtego. Sikutaja kabila lolote madhabahuni, na sikuhitaji kutaja. Kila mtu alijua ninasema juu ya nani, na watu waliitikia amina.

Gogo alikitazama kile kikombe. Hakuuliza kitu. Tuliposimama kuondoka alikichukua, akakinywa chote, polepole, akiniangalia. Halafu akatusindikiza mpaka langoni.

Niliendelea na huduma. Nikaoa, nikapewa kanisa, nikafundisha Wagalatia sura ya 2 si chini ya mara tano, jinsi Petro alivyokuwa akila na watu wa mataifa kule Antiokia, na jinsi alivyojitenga waliposhuka watu wa kwao. Nilimkemea Petro vizuri sana.

Kisha usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel likapasuka pale Solai. Maji yalibeba nyumba na watu, zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto. Asubuhi makanisa yote ya huku yalikusanya blanketi na chakula. Akina mama wetu walipofika na sufuria zao walikuta akina mama wengine wameshawasha moto. Katikati ya msiba ule walianza kubishana, hawa wakisema maziwa yametosha, wale wakisema ongeza. Nilikuwa nabeba kuni. Nikainua macho, nikamwona gogo, amezeeka, ameketi kwenye kigogo akichuja chai. Akanitambua kabla sijafungua mdomo. Akajaza kikombe, akaninyoshea.

Nilikunywa pale pale, yakaniunguza ulimi. Nikachuchumaa nikamwambia, gogo, ile siku sikuwa nimefunga. Akasema, "Najua, pasta." Nikamwomba anisamehe. Akanyamaza kidogo akichuja, kisha akasema bila hasira, "Sukari ya ile chai niliikopa. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nilienda nyumba tatu."

Nyumba tatu. Kila nikipewa kikombe mahali nakumbuka hizo nyumba tatu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea sukari kilo tano. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniuliza kama nataka kumuua kwa kisukari. Tangu siku hiyo nimekunywa kwake mara nyingi, na mama yangu amewahi kwenda nami. Alirudi akasema chai ile inaweza kusimamisha kijiko, lakini alikunywa vikombe viwili.

Kwa gogo nimeshatubu. Lakini jana, nikiwa nimeshika birika lililoungua, nilikumbuka kwamba wako watu walionisikia nikihubiri Yaeli mwaka ule, na sijawahi kuwaambia neno. Wengine wenu mnasoma hapa. Mlikuwa vijana wa kwaya, leo mna watoto. Nililitumia Neno la Mungu kuwafundisha kuogopa mlango wa jirani. Nilikosa. Nawaomba msamaha, na kama kuna nyumba uliacha kuingia kwa sababu ya mahubiri yale, niandikie inbox ama nipigie, twende pamoja.

Birika liko kwa fundi, ingawa amesema nisitarajie. Jumapili baada ya ibada tutapika chai nyuma ya kanisa, sufuria mbili, moja ya maziwa na moja ya rangi ya mama mchungaji. Majani na sukari zipo. Mwenye maziwa alete kabla ya saa mbili asubuhi. Na wale wa maziwa mengi, tafadhali msiiguse ile ya rangi.