Fomu ya Mkopo Inapouliza Jina la Baba

Mwenzangu, kama umeoa au umeolewa na mmoja wenu ana digrii, basi jueni nyumba yenu ni ofisi. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu zinaanza. "Shemeji, wewe ndiye uliyesoma, hebu msaidie huyu mtoto na mambo ya Bodi." Bodi hapa Bongo haina haja ya jina la pili. Ni ile ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Wengi wa rika langu tumesoma kwa hela yake na tumekula bumu lake. Lakini kusoma kwa mkopo ni kitu kimoja, kumhangaikia mtu mwingine aupate ni shughuli nyingine kabisa.

Mengi yanayokwamisha maombi ni mambo madogo. Mtoto anakwenda steshenari, kijana wa kompyuta anamfungulia akaunti kwa namba yake mwenyewe ya simu, paswedi anabaki nayo yeye. Wiki mbili baadaye kuna kitu cha kurekebisha, kijana keshahamia Mbagala na simu hapokei. Mwingine alirudia mtihani wa kidato cha nne, sasa anaomba chuo kwa namba hii na mkopo kwa namba ile. Mwingine kalipa ile 30,000 ya maombi akadhani kazi imekwisha, kumbe fomu haijasainiwa, haina muhuri wa serikali ya mtaa wala wa kamishna wa viapo. Hayo yote yanatibika. Kaa na mtoto mbele ya kompyuta moja, tumia namba yake ya simu, msome mwongozo wa mwaka huo mpaka ukurasa wa mwisho. Nimefanya hivyo kwa ndugu wawili na wala sikuumwa kichwa.

Kisha mwaka 2022 ikaja zamu ya wifi yangu.

Wifi na mume wangu ni mama mmoja. Baba mkwe alifariki mwaka 1994, mume wangu akiwa na miaka sita. Wifi alizaliwa 2003. Piga hesabu mwenyewe. Kwetu sisi wa ukweni halikuwa jambo la kuuliza, na nyumbani kule Muheza hakuna aliyelitaja. Alipoanza darasa la kwanza, mama aliandikisha jina la marehemu mumewe ili watoto wake wote wawe na jina moja na mwalimu asipate la kuuliza. Kwenye nafasi ya baba wakaandika "amefariki". Jina hilo likaenda naye mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne.

Sasa fomu ya mkopo haisomi uso wa mtu, inasoma karatasi. Jina lako linatoka kwenye mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, Bara na RITA, Zanzibar na wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii. Ukisema umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vilevile. Karatasi zikigombana, maombi yanasimama.

Mume wangu akaja na wazo. "Cheti cha kifo cha mzee kipo. Tukiweke. Yatima wanapewa kipaumbele."

"Baba Jamila," nikamwambia, "marehemu wa 1994 amzae mtoto 2003?"

Akacheka, halafu akanyamaza. Baadaye akasema lile lililokuwa rohoni. "Huyu ni mdogo wangu. Jina la baba yangu linamtosha." Nilimwelewa, jamani. Ndiye aliyemlipia ada ya sekondari, hajawahi kumwita dada wa kambo. Kwake yeye kubadili karatasi ilikuwa kama kumtoa mtoto nyumbani. Lakini atakayekula kiapo mbele ya kamishna kwamba yaliyoandikwa ni kweli si mume wangu wala mimi. Ni binti wa miaka 19, na uongo wenyewe si wake. Hapo sikurudi nyuma, na siku mbili tulilala kila mtu na ukuta wake.

Tukaenda Muheza. Mama mkwe alitusikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na bahasha iliyokuwa chini ya khanga kwenye sanduku. Cheti cha kuzaliwa. Jina la baba lilikuwa la mtu mwingine. Wifi alikisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyoandikwa pale.

"Yuko hai?"

"Yuko Kahama," mama akasema.

"Kumbe shangazi hakunidanganya."

Hakuna aliyelia. Mama aliinuka akaenda kuangalia maharage, na mimi nikachukua kalamu nianze kuandika orodha ya karatasi tunazohitaji, maana nilijua tukikaa kimya pale tutakaa mpaka usiku.

Cheti cha shule kikabaki kama kilivyo na cha kuzaliwa hivyohivyo. Wakili akaandaa hati ya kisheria inayosema majina mawili ni ya mtu mmoja. Kwenye fomu tukajaza kilicho kweli: baba yupo, anayelea ni mama, kipato ni cha genge la mama. Uhakiki ulichukua siku zake. Ndiyo maana nawaambia wenye wadogo walio kidato cha tano, toeni vyeti sandukuni sasa hivi, msingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Likabaki la mdhamini. Hapa ndipo wanandoa wengi wanapokoseana, mmoja anasaini kwa ndugu yake na mwenzake anajua baadaye. Mdhamini anaacha pale jina, picha, anuani na kitambulisho chake, na mkopaji akipotea, wa kutafutwa ni yeye. Mume wangu bado anakatwa deni lake mwenyewe. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi; kabla ya hapo ilikuwa 8. Kwa mshahara wa 1,000,000 ni 150,000 kila mwezi, kabla hujagusa kodi ya nyumba. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni na faini ya asilimia 10 vilifutwa mwaka 2021, maana deni lilikuwa linakimbia kuliko sisi. Tukawa tunajadili asaini yeye au mimi.

"Nitasaini mimi," mama akasema. "Mtoto ni wangu."

Akajifunga kitenge chake kizuri, akaenda kupiga picha ya pasipoti, akaipeleka fomu kwa mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, jina la yule baba likionekana wazi. Mwenyekiti akagonga muhuri, akaulizia bei ya nyanya.

Awamu ya kwanza jina halikutoka. Kurasa mbili zilikuwa zimeskaniwa vibaya, tukazirekebisha dirisha la marekebisho lilipofunguliwa. Awamu iliyofuata akapata, ila si asilimia mia. Ada iliyobaki tukaigawana mimi na mume wangu, na mpaka akamaliza chuo ilikuwa kwenye bajeti yetu pamoja na umeme na maziwa ya mtoto.

Namba ya Kahama wifi anayo, alimwomba mama siku ileile. Kama ameshapiga, hajatuambia, na mume wangu ameniomba nisimuulize.