Nyumba ya Dakta Krapf Huko Rabai

Msafiri atokaye Kitui kwenda pwani siku hizi hana haja ya kuzunguka kwa njia ya Machakos. Hushika barabara ya lami ipitayo Mutomo, akatokea Kibwezi katika nchi ya Makueni, na hapo huingia barabara kuu ya Mombasa. Hupita Mtito Andei na Voi. Akifika Mazeras, mahali ambapo bahari iko karibu lakini bado haionekani, huiacha barabara kuu na kufuata njia ndogo iendayo Rabai. Wengi hupita Mazeras usiku wakisinzia ndani ya basi, wala hawajui kwamba wameipita nyumba ya mtu aliyeandika kitabuni jina la ule mlima ambao baadaye uliipa nchi nzima jina lake.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1810. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uleule mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa. Kaburi lao liko bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka wa 1846 alijiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, nao wawili wakaanzisha makao yao Rabai. Watu wengi humtaja Krapf kuwa mmisionari, basi, wakanyamaza. Lakini yafaa pia aitwe mwandishi, tena mwandishi asiyechoka. Mwaka wa 1850 ilichapishwa sarufi yake ya Kiswahili. Mwaka huohuo yalitoka maneno aliyoyakusanya ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwamo, pamoja na Injili ya Marko kwa Kikamba. Kitabu cha safari zake kilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla.

Mgeni asitazamie jumba la fahari. Nyumba ya Karen Blixen karibu na Nairobi, iliyojengwa mwaka wa 1912 na kufanywa makumbusho mwaka wa 1986, huvuta watalii wengi, hasa kwa sababu ya ile sinema ya mwaka wa 1985. Rabai haina sinema. Jengo la kale la misheni ndilo makumbusho yenye jina la Krapf. Nyumba walimokaa yeye na Rebmann ziko katika uwanja huohuo, na kanisa la Mtakatifu Paulo la mwaka wa 1887 liko jirani. Ni mahali pa kimya, na kimya chake chafaa, maana kazi ya kamusi ni kazi ya kuketi na kuuliza, na kuuliza tena kesho yake.

Siku moja walifika hapo mzee mkulima wa upande wa Mutomo na mwanawe, karani aliyestaafu kazi juzijuzi. Karani alikuwa amekisoma kitabu cha safari, na ndiye aliyemshawishi baba yake waende. Mzee alitazama kuta kwa adabu, lakini moyo wake haukuwa hapo, mpaka mwanawe alipoanza kumsimulia habari za Ukambani.

Krapf alitoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849 akaenda kwa miguu hadi Kitui, akapokewa na Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Ni Kivui aliyempa habari za mlima mkubwa mweupe, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Aliandika jina lake kama alivyolisikia, Kegnia. Mzee alicheka kidogo, akalitamka kwa Kikamba chake: Kiinyaa, mlima ulio na rangi mbili kama manyoya ya mbuni dume. Huko London wataalamu wa ramani walibisha kwa miaka mingi kwamba hapawezi kuwa na theluji karibu na ikweta. Wao walikuwa hawajafika Kitui.

Safari ya pili, ya mwaka wa 1851, iliishia vibaya. Kivui alimchukua mgeni wake kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivui akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipata maji mtoni, lakini hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akauziba kwa majani. Vichaka vikauzibua mtutu njiani, maji yakamwagika. Kiu ilipomzidi, aliwasikia nyani wakipiga kelele katika mto mkavu. Akaenda, akakuta wamefukua mchanga na maji yamo.

"Nyani walimfunza kazi yetu," mzee akasema. Mtu aliyekulia karibu na mto Tiva au Thua, aliyetumwa utotoni kuchimba kisima mchangani kabla ya jua kuchomoza, hahitaji kufasiriwa habari hiyo. Yawezekana kwamba katika kurasa zote alizoandika Krapf, hizo ndizo ambazo Mkamba huzisoma kama habari za nyumbani kwake.

Lakini jambo lililofuata lilimkalia mzee vibaya. Krapf alipofika kwa jamaa za Kivui, walimwuliza mbona amerudi hai na mwenyeji wake amekufa. Wakamshuku, naye akatoroka usiku. Katika kitabu, lawama hiyo yaonekana kuwa ukatili wa watu wasiojua haki. Mzee aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na watu wa Kivui, wao walisemaje?"

"Waliyosema hayakuandikwa, Baba. Aliyeandika ni Krapf."

"Basi tumesikia upande mmoja wa shauri."

Hakumshutumu Krapf. Mtu aliyefiwa na mke na mtoto katika nchi ya ugenini, akabaki humo kujifunza lugha za wenyeji, hawezi kudharauliwa kwa urahisi. Lakini mzee alikuwa amekaa katika mabaraza mengi ya kijijini, na alijua kwamba jamaa waliopotewa na mkubwa wao wana haki ya kuuliza. Nyumba ya Kivui ilikuwa ya miti na nyasi, haikuweza kungoja miaka mia na zaidi kama nyumba ya Rabai. Maneno ya watu wake nayo hayakupata karatasi ya kuyangojea.

Walipokuwa wakirudi Mazeras, mzee alimwuliza mwanawe kama ana kalamu. Kalamu ilikuwapo, karatasi haikuwapo ila risiti ya nauli na bahasha moja kuukuu. Mzee akaanza kutaja njaa alizoziona Ukambani, kila moja kwa jina lake. Alianza na yua ya ndeke ya mwaka wa 1961, naye angali mtoto, ndege zilipoleta chakula. Ni nani aliyegawa mahindi na ni kisima gani ambacho hakikukauka. Karani aliandika kwa herufi ndogo sana, akageuza bahasha, akaandika pembeni. Basi la Kibwezi lilipotokea, walikuwa hawajaifikia Nikwa Ngwete ya mwaka wa 1984, njaa ambayo mtu alikufa na fedha mkononi, na bahasha ilikuwa imejaa.