Milimita Tatu

Dada yangu ana miaka 76, na pumzi yake si ile ya zamani. Kifuani mwake umo utenzi wa marehemu mama yetu, beti 140 ambazo mama hakupata kuziandika. Nami, niliyefundisha watoto wa watu fasihi simulizi kwa miaka 34 hadi nikastaafu, nilikuwa sijahifadhi hata ubeti mmoja wa mama yangu mzazi. Ndiyo maana mwaka jana nilimwomba dada aje akae nami hapa Mchafukoge, ili kila usiku baada ya isha aghani, nami nimrekodi kwa kompyuta.

Usiku wa kwanza tulirekodi beti 20. Tulipozisikiliza, sauti ya dada ilikuwa mbali, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na mbele yake palikuwa na mvumo usiokatika. Dada akauliza, "Huyo anayekoroma ni nani?"

Ilikuwa feni ya prosesa. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Ikifanya kazi hupata joto. Joto hilo hupokewa na kipande cha alumini chenye mapezi, ambacho mafundi hukiita hitisinki, kisha feni hulipeperusha. Feni yangu ilikuwa kuukuu na imeshiba vumbi la mjini. Nikavuka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikaomba feni ya prosesa pamoja na hitisinki yake. Muuzaji hakuuliza ni prosesa gani, nami sikumwambia. "Hii inaingia, mzee," alisema. Nyumbani niliifunga mwenyewe. Miguu mitatu ilibana, wa nne ukagoma. Nikajiambia, mitatu yatosha.

Haikutosha. Usiku ule feni mpya ilivuma kuliko ile kuukuu, na dada alipofika ubeti wa 61 kompyuta ikazimika. Tukaanza tena, ikazimika tena. Mara ya tatu dada alikohoa kwa muda mrefu, akajifunika kanga yake, akasema, "Mdogo wangu, mimi sina sauti ya kupoteza."

Asubuhi nilibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja kijana, mwenye meza yake ghorofani, humo humo Kariakoo. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Kabla ya kusema neno jingine alichukua rula. Alipima matundu ya mazabodi: milimita 75 kutoka tundu hadi tundu. Alipima miguu ya hitisinki niliyonunua: milimita 72. "Hii ni ya soketi 775, mwalimu. Mazabodi yako ni 1155."

Milimita tatu! Kwa sababu ya mguu mmoja kuning'inia, hitisinki ilikaa upande, haikulalia prosesa sawasawa, na joto likakosa njia ya kupita. Mazabodi ilipohisi joto iliiamuru feni izunguke kwa nguvu zake zote, lakini feni ilikuwa ikipepea chuma kisicho na joto la kutosha kuondolewa. Joto lilipopita kiasi, prosesa ilijizima isije ikaungua.

Nikamwambia nataka feni isiyo na kelele. Alinifundisha mambo ambayo muuzaji hakuniambia. Feni pana ikizunguka polepole hupitisha hewa sawa na feni ndogo inayokimbia, tena kwa sauti ndogo zaidi. Kwa hiyo nilitamani ya milimita 120, lakini alipopima kina cha kasha langu akaona kifuniko hakitafunga. Tukachukua ya milimita 92. Alichagua yenye nyaya nne, maana waya wa nne ndio unaopokea amri ya kuongeza au kupunguza mwendo. Akaifuta pesti ya zamani kwa spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati ya prosesa. Halafu akabonyeza miguu kwa mshazari, pembe hii kisha ile inayoikabili, na kila mguu ukalia "ta!" Nilihesabu. Mara hii ilikuwa minne.

Usiku ule tulizima pangaboi, tukafunga dirisha la upande wa barabara, dada akaghani. Tulipomsikiliza, nilisikia hata pale anapovuta pumzi kabla ya kina cha mwisho. Tulifika ubeti wa 140 siku ya tano.

Kisha nikaanza kuziandika beti zile. Katika ubeti mmoja mama anasema, "moyo wangu watulia." Mimi, kwa mazoea ya kusahihisha madaftari, niliandika "moyo wangu umetulia," nikiona ndivyo vijana wa leo watakavyoelewa upesi. Nilipomsomea dada alininyamazisha kwa mkono. "Hapo umezidisha. Mama hakusema hivyo."

Dada hakusomea ushairi darasani. Nilihesabu kwa vidole: mizani tisa, na utenzi wa mama una nane kila kipande. Mwalimu mzima wa arudhi nilikuwa nimelazimisha neno kwenye tundu lisilo lake, nikasema inaingia.

Nimelirudisha neno la mama mahali pake. Sasa kila jioni nasoma upya beti zote 140 nikiwa na rekodi ya dada masikioni, silabi kwa silabi, na hadi leo nimekwisha kuona sehemu nyingine sita nilizozisahihisha bila kuombwa.