Kipimo cha Chombo

Mchezo ni jambo ambalo watu wazima hulidharau mbele ya watoto na kulitukuza mbele ya wenzao. Mzee anayemkemea kijana kwa kukesha mbele ya kompyuta, yamkini ndiye aliyeshinda mchana kutwa mbele ya bao, akasahau chakula na miadi. Wala simlaumu, kwa maana bao la Kiswahili ni mchezo wa akili nyingi. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hakuna mchezaji asiyejua kuwa kete zikipangwa vibaya mchezo haupo. Michezo ya kompyuta nayo ina mpango wake unaoutangulia mchezo. Mpango huo ndio ninaokusudia kuuzungumza hapa, kwa sababu ulipata kuwa shauri zito katika ukoo wetu.

Dada yangu anakaa Engutoto, katika jiji la Arusha. Ni mshonaji wa nguo. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa na kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika, na katika kompyuta hiyo alipenda gemu moja ya mpira wa miguu kuliko mpira wenyewe. Lakini picha zilikuja kwa kukatikakatika. Mpira ulikuwa mguuni pa mchezaji wake, na alipopepesa macho ulikwisha kuwa wavuni mwake, wala hakuona ulikopita. Akaomba mashine mpya. Fedha iliyokuwamo nyumbani ilikuwa imewekwa kwa safari ya kidato cha tano: nauli, godoro, sare na madaftari. Mama akakataa, mtoto akanuna, na nyumba ikawa na ukimya usiokuwa wa amani. Ndipo dada aliponiita. “Kaka,” aliniambia, “wewe ndiye msomi wetu, njoo uamue.” Shahada yangu ya uzamivu ni ya fasihi, na fasihi haijapata kuongeza mwendo wa mashine yoyote. Hata hivyo mjomba akiitwa huenda.

Kwanza tulijiuliza, mimi na mpwa wangu, ni nini hasa kinachokwenda polepole. Mchezo wa kompyuta ni mfululizo wa picha zinazochorwa upya mbele ya macho. Mashine ikichora picha 60 kwa sekunde, kila picha hupewa muda wa milisekunde 16 na ziada kidogo. Ikichora 30, muda huwa milisekunde 33. Mashine ya kijana ilichora 20 hivi kwa wastani, yaani milisekunde 50 kwa kila moja. Lakini ubaya wake mkubwa haukuwa uchache. Ulikuwa ugeugeu: mara picha 40, mara 12. Jicho huzoea mwendo wa pole ulio sawa, kama abiria azoeavyo gari kuukuu. Lisilozoea ni gari linalokimbia na kufunga breki kila hatua. Kwa hiyo shabaha yetu ya kwanza haikuwa wingi wa picha, bali usawa wake, nasi tuliiagiza programu isivuke picha 30 hata pale inapoweza.

Baada ya hapo tulikuja kwenye hesabu ya kioo. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta 2,073,600, na kila moja yataka rangi yake katika kila picha. Ukishusha kipimo hadi 1,280 kwa 720, nukta huwa 921,600, yaani chini ya nusu. Mashine iliyokuwa ikihema hupata pumzi, na mchezaji hupoteza ukali kidogo tu wa kingo za vitu. Vivuli navyo ni mzigo mzito, kwa maana mashine hulazimika kukokotoa mahali nuru inapofika na mahali inapozuiliwa, kisha kurudia kazi hiyo kila kitu kisogeapo. Mpwa wangu alikubali kushusha nukta, lakini vivuli alivililia. “Mjomba,” alisema, “uwanja usio na vivuli hauna jua.” Nilifurahi kusikia maneno hayo, maana ni ya mtu mwenye jicho. Tukakubaliana vivuli vya wachezaji vibaki katika daraja la chini, na vya majukwaa viondoke pamoja na nyuso za watazamaji.

Yako mambo mengine ambayo hayamo katika orodha yoyote ya mipangilio. Ardhi ya Arusha imetokana kwa sehemu kubwa na mlima Meru, ambao ni volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake jepesi huingia kila penye tundu. Lilikuwa limejaa katika feni ya kompyuta. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, na mtumiaji hudhani mashine imezeeka, kumbe inajiokoa. Fundi aliifungua, akaipiga brashi, akaipaka upya dawa inayopitisha joto. Tena kijana alikuwa amezoea kucheza kwa nguvu ya betri kila umeme ulipokatika, na mashine nyingi, zikiwa juu ya betri, hujinyima mwendo ili zidumu. Mwisho, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa kipande kimoja cha gigabaiti 4, na nafasi ya kipande cha pili ilikuwa tupu. Mashine isiyo na kumbukumbu maalumu ya michoro huazima ile ya kawaida; vipande viwili vinavyolingana humpa mkopaji njia mbili mahali pa moja. Kipande hicho ndicho kitu pekee tulichokinunua.

Tulizima pia programu zilizokuwa zikiamka pamoja na kompyuta bila kuitwa. Nyingine mbili ziliahidi kuongeza mwendo wa mashine kwa kubonyeza mara moja, ilhali zenyewe zilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiula. Hizo tuliziondoa kabisa.

Katika kazi yote hiyo niliona jambo lililonihusu kwa ufundi wangu mwenyewe. Kijana aliyajua maneno yote ya mipangilio kwa Kiingereza, lakini aliyajua kama mtu ajuavyo majina ya vituo vya basi asivyopata kushuka. Nilimwomba anieleze kila neno kwa Kiswahili, kwa kuwa ndilo pato nililotaka kwa safari yangu. Alipotafuta namna ya kuniambia kivuli, ukungu, ulaini wa kingo, ilimbidi kwanza ajue kila kimoja kinafanya nini na kinagharimu nini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wako waliouliza faida yake kwa watu waliokwisha zoea Kiingereza. Mimi naiona faida katika swali dogo ambalo neno la kigeni huliruhusu lipite na neno letu hulizuia mlangoni: maana yake nini?

Sitaki msomaji adhani kuwa mipangilio inaweza kila kitu. Kijana hupenda kushindana na wachezaji wa mbali kwa intaneti, na mara nyingi kompyuta inayosimamia shindano iko Ulaya. Kutoka Arusha hadi London ni kilomita zipatazo 7,000. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na njia ya nyaya za baharini ni ndefu kuliko mstari ulionyoka. Mpinzani aliye jirani na kompyuta hiyo ameanza kukimbia kabla filimbi haijatufikia sisi. Hapa hakuna kitufe cha kubonyeza. Dawa yake ni watu kujenga kompyuta za namna hiyo karibu na wachezaji wetu, na jambo hilo lataka mitaji na sera, si subira ya mtoto wa Engutoto.

Basi hukumu yangu ilikuwa hii. Mama alikuwa na haki kwa fedha yake, kwa sababu mashine ilikuwa bado haijapimwa, na haifai kukihukumu chombo kabla ya kukijua. Mtoto naye alikuwa na haki kwa tamaa yake, na hilo nilimwambia dada waziwazi. Tuna desturi ya kumsifu maskini kwa kuridhika, na sifa hiyo huwa ni kufuli. Kuishi na kidogo ni ujuzi mwema madhali mtu anajua kidogo chake kinaishia wapi. Asiyejua mpaka huo humlaumu mamaye kwa kosa la vumbi, au hujilaumu mwenyewe kwa kosa la bahari.

Kijana alikwenda kidato cha tano na godoro lake, akaiacha kompyuta nyumbani imefunikwa kitambaa, feni ikiwa safi. Katika karatasi aliyoibandika chini ya mfuniko aliandika mipangilio yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na mbele ya kila mstari faida na hasara yake. Dada hunieleza kwamba watoto wa jirani huja kuinakili.