Sirari: Chacha yupi huyu pichani?

Sirari ni mji wa mpakani wilayani Tarime. Ukivuka tu, uko Isebania, Kenya, na pande zote mbili wanaishi Wakurya. Ukiita "Chacha!" sokoni hapa, wanageuka wengi.

Jina hilo limefika mbali. Chacha Wangwe alikuwa Mbunge wa Tarime tangu mwaka 2005 hadi alipofariki kwa ajali ya gari Julai 2008. Upande wa Kenya yupo Chacha Nyaigotti-Chacha, mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili "Mke Mwenza". Picha ya kampeni ya mbunge na jalada la tamthilia hiyo vinabeba jina moja. Ubini ndio unaowatofautisha.

Nyumbani ni vigumu zaidi. Picha ya zamani iliyoandikwa nyuma "Chacha" tu yaweza kuwa ya babu, baba mdogo au mjomba wa Isebania. Wazee wanaomtambua wakiondoka, picha inabaki haina mwenyewe.

Mzazi akae na bibi mapema, aandike nyuma kwa penseli: jina kamili, mahali, mwaka. Kisha aipige kwa simu, mbele na nyuma, awasimulie watoto.