Baiskeli Isiyo na Keria

Moshi ni mji uliokaa kwenye mteremko. Ukitoka mnara wa saa kuelekea kaskazini, unapanda. Ukielekea kusini, unashuka. Barabara kuu nayo, upande mmoja Arusha na upande wa pili Himo, inakata ubavu wa mlima Kilimanjaro, kwa hiyo kila baada ya muda unatumbukia kwenye bonde la mto na kupanda tena. Mwenye gari anaweza kukaa miaka bila kuyajua haya. Mimi niliyajua kwa magoti, miaka ya 1990, nilipokuwa kijana wa kazi ndogo pale mjini, mmiliki wa baiskeli ya resi.

Ilikuwa ya daktari mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba akauza vyombo vyake vyote. Friji iligombewa, viti vikagombewa, baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Watu waliipita kwa sababu nzuri: haikuwa na keria, haikuwa na madigadi, haikuwa na kengele wala stendi, na matairi yake yalikuwa membamba kuliko kidole gumba. Baiskeli ya mtu mzima siku hizo ilikuwa Phoenix ya Mchina, au Swala iliyoundwa Dar es Salaam, nzito, yenye fremu ya kubeba gunia la mahindi na mke juu yake. Hii ya kwangu nilipewa kwa bei ya kuondoa mzigo nyumbani.

Tatizo la kwanza lilikuwa matairi. Madukani mjini kulikuwa na inchi 28 za Phoenix, ambazo kwa macho zinafanana na zile za resi lakini hazikai kwenye rimu yake hata uzibembeleze vipi. Tyubu nazo zilikuwa na valvu nyembamba ambayo hakuna pampu ya mtaani iliyoweza kuishika. Fundi wangu wa Majengo, aliyefanyia kazi chini ya mwarobaini na mali yake yote ikiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, aliitazama ile rimu kwa muda, akaiweka magotini, akachukua tupa ya duara na kupanua tundu la valvu taratibu, akizungusha na kupuliza chenga, mpaka valvu ya kawaida ikapita. Kisha akasugua kingo kwa msasa ili zisikate mpira. "Sasa imekuwa baiskeli ya Tanzania," akasema. Tairi lilipochanika ubavu, alilishona kwa uzi wa nailoni na kuweka ndani kipande cha tyubu ya lori. Lilitembea hivyo miezi, likigonga kidogo kila mzunguko, tak, tak, tak, nami nikazoea kupima mwendo kwa mlio huo.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa ya Mweka. Unapita Shanty Town, chini ya mijakaranda, nyumba kubwa zikiwa zimejificha nyuma ya michongoma, halafu barabara inaanza kuinuka na haiachi. Mji uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa 1963, kiko kiasi cha mita 1,400. Umbali ni kama kilomita 15 tu, lakini kila mita mia chache hewa inabadilika. Chini ni joto na mahindi. Katikati inaanza migomba na kahawa, masale yakionyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kihamba kingine, na maji ya mfongo, mfereji wa Wachagga, yakikimbia kando ya barabara kuelekea usikokwenda wewe. Juu kabisa, Juni na Julai, unaingia ndani ya wingu na kuanza kutetemeka huku jasho linakutoka.

Hapo ndipo bibi mmoja wa Kibosho, mkungu wa ndizi kichwani, alinisimamisha. Nilimwamkia, akaitikia, akaizunguka baiskeli yangu.

"Mwanangu, sasa hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, bibi."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mpaka juu pale chuoni, halafu narudi."

"Kuna mtu unamfuata?"

"Hapana."

Akaufikiri ule mpango. "Pole," akasema, na alimaanisha.

Kule mlimani baiskeli ilikuwa chombo cha kushukia. Vijana walisukuma zao kwa mguu mpaka juu, wakafunga mikungu au madumu ya maziwa, wakaziachia mpaka soko la Kiboriloni, breki yao ikiwa kandambili ya tairi iliyokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukiwa nyuma yao ulisikia harufu ya mpira unaoungua. Nilikuwa na breki mbili za maana na bado hawakuwahi kuniruhusu niwapite. Mtu kama mimi, aliyepanda akiwa amekaa kwenye siti, alikuwa kichekesho. Watoto waliniuliza nakimbizwa na nani.

Karibu na Kiboriloni kuna njia inayopanda Old Moshi. Hiyo ilikuwa kali kuliko ya Mweka na nikaiendea mara chache, lakini ndiyo iliyonieleza mji. Moshi ya kwanza ilikuwa huko juu, boma la Wajerumani likiwa huko, na huko ndiko Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, alikonyongwa na Wajerumani Machi 1900. Reli ya Tanga ilipofika 1911 ilisimama chini kwenye tambarare, maana treni haipandi miinuko ile, na mji ukaifuata. Kwa hiyo mwenye baiskeli anayelalamika kwamba kila kitu kiko chini au juu ya kwao aishitaki reli.

Magharibi sikuipenda. Unavuka Karanga, unavuka Weruweru, unafika njia panda ya Machame, na ukikunja kulia unapata lami nzuri yenye kivuli inayopanda kwenye mashamba ya kahawa, hiyo sawa. Ila ukiendelea mbele kuelekea Boma Ng'ombe unakutana na korongo la Kikafu. Mabasi yalishuka pale yakitafuta kasi ya kupandia upande wa pili, na dereva wa basi mwenye haraka haoni baiskeli, anaona ukingo wa lami. Nimewahi kuingia kwenye majani pale nikiwa na kasi yangu yote, nikasimama salama, na kusikia abiria wakicheka dirishani.

Kusini ndiko nilikojifunza kuendesha. Barabara ya TPC inatoka mjini kwa kupita Pasua na Mabogini, na kwa miguu ya mgeni ni zawadi: huendeshi, unapelekwa. Kwanza mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa na mradi wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kukamilika 1987, maji yakimeta mpaka Chekereni, yangeyange wamesimama kwenye majaruba. Halafu miwa, miwa pande zote, ya TPC yenyewe, kampuni ya sukari ambayo Wadenmark waliianzisha 1930. Barabara imenyooka mpaka unachoka kuitazama. Matela ya miwa yalidondosha vipande njiani, na asiyeokota alikuwa mgeni.

Ubaya uko kwenye kurudi. Mwinuko wa kurudi mjini hauonekani. Jicho linakwambia ni tambarare, mguu unabisha, na wewe unaanza kukagua breki ukidhani imeshika rimu. Saa saba mchana, jua la Februari, kivuli hakuna, na Kibo, kilele cha mlima, imesimama mbele yako weupe mtupu, mita 5,895, haisogei. Mbigili zilitoboa matairi yangu huko kuliko mahali pengine popote.

Na huko ndiko walikokuwa waendesha baiskeli wa kweli. Asubuhi zamu ilipobadilika kiwandani, barabara ilijaa Phoenix kutoka ukingo mpaka ukingo, wanaume wakizungumza siasa na mpira bila kuhema. Jioni zilirudi na kuni, majani ya ng'ombe, mama amekaa upande kwenye keria na mtoto mgongoni. Siku moja, narudi mjini, upepo ukinipiga usoni, alinipita mzee aliyebeba magunia mawili ya mkaa. Gia hana, gololi za pedeli zinalia. Nikaongeza nguvu kumfikia, kwa aibu zaidi kuliko kwa ushindani. Hakugeuka.

"Wewe kijana, usikae ubavuni. Njoo nyuma ya gunia."

Nikaingia nyuma ya gunia. Upepo ukakatika ghafla, mtu angedhani mlango umefungwa. Vumbi la mkaa lilinijaa puani na usoni, lakini miguu ilipumua. Tulikwenda hivyo mpaka Mabogini, yeye akinitangazia mashimo: "Kulia! Kushoto! Mbuzi!" Miaka baadaye niliona kwenye televisheni Wafaransa na Waitaliano wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine, mtangazaji akieleza mbinu hiyo kwa heshima kubwa. Mzee yule alikuwa akiifanya na kilo zisizopungua mia nyuma yake, na aliyefaidika ni mtu asiyebeba chochote. Nilipotaka kumnunulia soda akakataa, akaniomba nimsaidie kusukuma kipande cha mwisho cha kuingia Pasua. Hicho nilikifanya, baiskeli yangu begani.

Baadaye nikafunga keria. Fundi wa Majengo aliichomelea kwa nondo nyembamba, akanionya mzigo usizidi kilo 20. Niliporudi Kibosho na debe la mahindi ya kusaga, hakuna aliyenipa pole. Waliniuliza bei ya unga mjini.

Siku hizi bodaboda zimechukua ndizi, maziwa na mama waliokaa upande. Lami imefika vijiji ambavyo sikuwahi kuvifikia bila kushuka na kusukuma, na Jumamosi unaweza kuona vijana wenye kofia ngumu na nguo za kubana wakipanda Mweka, hakuna anayewauliza wanakimbizwa na nani. Mpwa wangu ni mmojawao. Aliponiuliza aanzie wapi nilimwambia mlima kwanza, alfajiri, kabla jua halijapanda. TPC aende mapema na arudi kabla ya saa nne, na akimkuta mtu mwenye gunia asione haya kukaa nyuma yake. Kikafu aiache kabisa mwezi wa Desemba, maana Wachagga wote wa Dar es Salaam wanakuwa barabarani wanarudi nyumbani Krismasi, na kila mmoja anataka kufika wa kwanza.